Kuimarisha saspensheni ya mbele ya pikapu kwa njia za porini Arusha na Moshi: mwongozo kamili, kuanzia mizani hadi alaimenti

Mwenye pikapu akifika gereji Unga Limited, Arusha, na kusema anataka gari lake liwe imara kwa porini, mafundi wengi huelewa jambo moja tu: kuliinua. Vinachongwa vipande vya chuma, vinawekwa juu ya springi, gari linasimama juu na mwenye gari anaondoka ameridhika. Safari ya kwanza ya Engaresero au Orkesumet ikiisha, shokapu zinavuja, mpira wa shafti umechanika na usukani unavuta upande mmoja. Hapa tutafuata mpangilio mwingine: uzito kwanza, springi zifuate uzito, shokapu zifuate springi, na urefu uje wenyewe kama matokeo.

Gari la mfano ni Toyota Hilux Vigo ya 4WD, kwa sababu ndiyo imejaa mikoa hii. Revo iliyoifuata mwaka 2015 ina mpangilio uleule wa mbele, na Ford Ranger, Nissan Navara na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni hazipishani nayo sana. Land Cruiser pikapu ni habari tofauti, nitaigusa baadaye.

Kilichopo chini ya gari

Inama uangalie nyuma ya gurudumu la mbele. Kwenye Vigo utaona wishboni mbili, yaani mikono ya chuma inayolishika gurudumu, ya juu na ya chini, na katikati yake kuna stratu, yaani shokapu iliyovikwa koili springi. Stratu imesimama juu ya wishboni ya chini, karibu katikati ya urefu wake. Hapo pana jambo la kuzingatia: kwa kuwa imesimama katikati na si mwisho, kipande cha milimita 10 kikiwekwa juu ya stratu huinua gari karibu mara mbili ya hapo. Mtu anayechongesha kipande cha milimita 40 akidhani ataongeza sentimita nne anaongeza karibu nane. Hapo draivu shafti, zile zinazozungusha magurudumu, zinakaa kwa pembe kali ambayo hazikutengenezewa.

Ukiona chuma kirefu cha mviringo kinachotoka kwenye wishboni kwenda nyuma kando ya chesisi badala ya koili, gari lako linatumia tosheni ba. Hilux nyingi za kabla ya Vigo na D-Max za mwanzo ziko hivyo. Kwa hizo, kuinua ni suala la kukaza bolti moja kila upande, na ndiyo maana watu huzikaza kupita kiasi. Kukaza hakuongezi ugumu wa chuma hicho. Kunabadilisha urefu tu, na gurudumu linabaki bila nafasi ya kushuka. Ukitaka ugumu zaidi, unanunua tosheni ba nene zaidi.

Kagua vya zamani kabla ya kununua vipya

Springi mpya juu ya boljointi iliyokwisha (kiungo cha duara kati ya wishboni na gurudumu) ni hela uliyotupa, na ni hatari. Weka jeki chini ya wishboni ya chini, karibu na boljointi, ili uzito wa springi usikandamize jointi hiyo. Inua mpaka tairi liachane na ardhi kidogo, ingiza mtaimbo chini ya tairi na unyanyue huku mwenzako akiangalia. Boljointi ikicheza, ibadilishe. Shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo hapo ni beringi ya habu au boljointi. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni tairodi endi au raki endi. Angalia bushi za wishboni, yaani mipira ya kwenye maungio yake na chesisi, kwa tochi. Mpira ukiwa umepasuka hadi ndani au umeachana na chuma, badilisha wakati huu, maana kazi ya kufungua utaifanya mara moja.

Angalia pia mahali stratu inapofungwa kwenye chesisi. Gari lililobeba mzigo mzito kwa miaka kwenye barabara mbovu linaweza kuwa na ufa mwembamba kwenye maungio ya weldi. Futa vumbi kwa brashi ya waya uone vizuri. Ukikuta ufa, simamisha kila kitu kingine kwanza.

Peleka pua kwenye mizani

Hatua hii huachwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua kama gari litakuwa zuri au litakuwa mateso. Springi huuzwa kwa uzito. Seti moja ya Vigo kwa kawaida huja katika madaraja: ya gari lisiloongezwa kitu mbele, ya gari lenye bampa la chuma, na ya gari lenye bampa pamoja na wenchi (mashine ya kujivuta kwa kamba). Ukifunga springi za wenchi kwenye gari lisilo na wenchi, pua itakaa juu, gari litarukaruka na abiria wako watashuka na maumivu ya mgongo. Ukifunga laini kwenye gari zito, kila korongo litagonga chuma kwa chuma.

Tafuta mizani ya kupimia malori, kama zile za maghala ya nafaka au machimbo ya kokoto, uombe kupima. Jaza tangi la mafuta. Weka kila kitu unachosafiri nacho: jeki kubwa, koleo, spea, maji, na watu wawili mbele. Panda mizani kwa magurudumu ya mbele tu, andika namba, kisha panda gari zima, andika tena.

Kama bado hujafunga bampa na wenchi lakini utafunga, usijumlishe uzito wake hivihivi. Vitu hivyo vinaning'inia mbele ya ekseli, na uzito uliopo mbele ya ekseli huipunguzia nyuma na kuiongezea mbele. Umbali kati ya ekseli za Vigo ya milango minne ni milimita 3,085. Tuseme bampa na wenchi vina kilo 100, na kitovu cha uzito wake kiko milimita 800 mbele ya ekseli. Ekseli ya mbele itapata kilo 126, na ya nyuma itapungukiwa na kilo 26. Hesabu ni hii: 100 mara (3,085 jumlisha 800), gawanya kwa 3,085. Ndiyo sababu mtu hununua springi za "kilo 100" na bado pua inainama. Kamba ya sintetiki badala ya waya kwenye wenchi hupunguza kilo kadhaa mahali hapohapo panapoumiza, na mimi naona ni matumizi mazuri ya fedha kuliko springi nzito zaidi.

Kabla hujaondoka kwenye ardhi tambarare, pima urefu pia. Weka futi ya fundi katikati ya habu, pima wima hadi ukingo wa madigadi juu ya tairi, magurudumu yote manne, na uandike. Usipime kuanzia chini, kwa sababu upepo wa tairi utakudanganya.

Springi kiasi gani, shokapu ipi

Kwa Vigo na ndugu zake, lenga milimita 30 hadi 40 juu ya urefu wa kiwandani. Milimita 50 ndiyo mwisho wa busara kwa wishboni za kiwandani. Ukipita hapo, boljointi ya juu inakaribia ukomo wa pembe yake, koili inaweza kusugua wishboni ya juu, mipira ya shafti inakunjwa na kuchanika, na kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kwenda nyuma) inapungua kiasi kwamba mashine ya alaimenti, yaani ya kunyoosha magurudumu, haiwezi kuirudisha. Kuna wanaoshusha difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) kwa vipande vya chuma na kununua wishboni za juu za kisasa ili waende juu zaidi. Inawezekana, lakini kwa kazi nyingi za hapa sioni sababu. Gari refu linaloyumba kwenye mteremko wa Monduli Juu halina faida kwa mtu anayebeba familia.

Fikiria pia nafasi ya gurudumu kushuka. Kama gurudumu lako lina safari ya milimita 80 kwenda chini na ukaliinua gari kwa 60, zimebaki 20. Kila shimo dogo litamaliza hizo 20, na utasikia mgongano wa chuma kila gurudumu linaposhuka. Shokapu nyingi hufa kwa kuvutwa hivyo, na wenye magari hudhani zilikufa kwa kugongwa.

Sasa shokapu. Hapa ndipo ningekushauri uongeze fedha kama una kidogo cha kuongeza. Springi inabeba, shokapu inatuliza, na kutuliza maana yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto. Kwenye barabara ya mabati, ile yenye mawimbi yaliyopangana kama bati, tuseme kutoka wimbi hadi wimbi ni sentimita 70. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu linapigwa karibu mara 24 kwa sekunde. Safari ya kutoka Mto wa Mbu kupita Selela na Engaruka hadi Engaresero ni ya saa kadhaa, juu ya vumbi la volkeno. Mafuta ndani ya shokapu yanapata joto kali, yanachanganyika na gesi, yanakuwa povu, na povu halizuii kitu. Dereva anahisi gari limeanza kuelea, mbele hakushikiki tena kwenye kona. Ajali inaweza kuanzia hapo.

Za kawaida za kiwandani zina mirija miwili, moja ndani ya nyingine, na mkubwa wa nje unahifadhi mafuta. Zilizoboreshwa za aina hiyo zina pistoni pana na mafuta mengi, na baadhi zimewekwa sifongo maalumu badala ya gesi ili mafuta yasitoe povu. Aina nyingine ni ya mrija mmoja, gesi ikiwa imetenganishwa na mafuta kwa pistoni inayoelea. Hiyo hustahimili joto vizuri sana, ila ukuta wake ndio njia ya pistoni, kwa hiyo jiwe likibonyeza mrija, shokapu imekwisha. Kwa mawe ya kati ya Ketumbeine na Engaresero ningechukua ya mirija miwili, mwili mpana. Kwa anayekwenda kasi na mzigo mdogo kwenye changarawe, mrija mmoja una maana.

Kampuni kama ARB ya Australia, kwa chapa yake ya Old Man Emu, hutengeneza springi na shokapu kama seti zinazoendana, na kununua seti ni bora kuliko kuokoteza springi huku na shokapu kule. Shokapu za mtumba usinunue kabisa, hata zikiwa zimepakwa rangi. Na fundi akikwambia atapasha springi moto kwa gesi ili zinyooke au zishuke, mshukuru na uondoke. Chuma cha springi kikipashwa hivyo hupoteza ugumu wake, na kinaweza kuvunjika ukiwa barabarani.

Zingatia alama kwenye springi. Ya upande wa dereva mara nyingi hutofautiana kidogo na ya abiria ili gari lisilale upande. Seti ya Australia imepangwa kwa usukani wa kulia kama wetu. Seti iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, "dereva" wake yuko kushoto. Funga kwa upande halisi, usifuate neno.

Zana

Jeki mbili, stendi mbili imara, mawe au magogo ya kuzuia magurudumu ya nyuma, spana na soketi za milimita 14 hadi 24, toki renchi, nyundo nzito, kibana springi cha kweli, waya wa kufungia, pini mpya za boljointi na dawa ya kulainisha kutu. Gari lisikae juu ya jeki peke yake hata dakika moja ukiwa chini yake. Tofali nalo halifai, linapasuka bila kukuarifu.

Kufungua

Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini. Inua, weka stendi chini ya chesisi pande zote mbili, toa magurudumu. Anza na linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona), pande zote, kwa sababu ukifungua upande mmoja tu stabilaiza itakupigania. Kisha achia hozi ya breki na waya wa sensa ya ABS kwenye vishikizo vyake ili visivutike.

Legeza bolti ya chini ya stratu, usiitoe bado. Ng'oa pini ya boljointi ya juu, legeza nati yake lakini iache imeshika nyuzi tatu au nne, kisha piga nyundo kwenye ubavu wa nako (chuma kinachobeba habu), pale jointi inapoingia. Usipige nyuzi. Itaachia kwa kishindo na nati itazuia visiruke. Weka jeki ya pili chini ya wishboni ya chini, toa nati, na fungia nako kwa waya isianguke nje. Ikianguka, jointi ya ndani ya draivu shafti inaweza kuchomoka, na uzito wote utaning'inia kwenye hozi ya breki.

Juu ya stratu, pale inapofungwa kwenye chesisi, utaona nati tatu zinazozunguka nati moja ya katikati. Fungua zile tatu. Ya katikati usiiguse. Hiyo ndiyo inayozuia springi iliyobanwa, na nguvu iliyomo inaweza kuua mtu. Toa bolti ya chini, shusha wishboni taratibu, toa stratu nzima.

Kubana na kuunganisha

Kabla ya kufungua stratu ya zamani, chora mstari kwa chaki kutoka sahani ya juu hadi jicho la chini. Mkao huo lazima urudi vilevile kwenye stratu mpya, la sivyo bolti tatu za juu hazitaingia wakati jicho la chini linatazama panapotakiwa.

Kibana springi kishike pande mbili zinazotazamana, kikazwe kidogo huku na kidogo kule kwa zamu, na mtu asisimame mbele ya mwisho wa stratu. Springi ikilegea kwenye kiti chake, ndipo nati ya katikati inafunguliwa. Kama gereji haina kibana cha kuaminika, peleka stratu kwenye gereji yenye mashine ya mezani. Ni heri kulipia hilo kuliko kutegemea kamba na minyororo niliyoona ikitumika.

Shokapu mpya ya mirija miwili ikiwa imelazwa muda mrefu, isimamishe na uivute na kuisukuma mara kadhaa mpaka ugumu uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Vaa mpira wa vumbi na mpira wa kikomo, hakikisha ncha ya koili imekaa kwenye ngazi yake, weka mpira mpya wa juu, kaza nati ya katikati, ndipo uachie kibana kwa zamu.

Kufunga, na sheria ya bushi

Rudisha kwa mpangilio wa kinyume: nati tatu za juu kwa mkono, bolti ya chini iingie bila kukazwa, boljointi na pini mpya, hozi, waya, halafu linki za stabilaiza mwisho. Viwango vya kukaza vya gari lako viko kwenye kitabu cha huduma cha modeli hiyo. Tumia toki renchi.

Sasa mwambie fundi wazi: "Fundi, bolti za bushi usizikaze mpaka gari lishuke." Mpira wa bushi umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na unafanya kazi kwa kujisokota. Ukikaza bolti ya wishboni au ya stratu wakati gurudumu linaning'inia, umeufunga mpira kwenye mkao wa kuning'inia. Gari likishuka, mpira unabaki umesokotwa saa zote, hata likiwa limeegeshwa, na utapasuka mapema. Pia utakupa vipimo vya urefu vya uongo. Kwa hiyo shusha gari, lisukume mbele na nyuma, likandamize puani mara kadhaa, ndipo ukaze. Pima tena habu hadi madigadi na ulinganishe na namba zako. Pande mbili zikitofautiana zaidi ya milimita 10, tafuta sababu kabla ya kuendelea.

Alaimenti, taa na breki

Siku hiyohiyo nenda kwenye mashine ya alaimenti. Gari likiinuka, kemba (gurudumu kulalia ndani au nje) na tou (magurudumu kutazama ndani au nje) hubadilika, na kasta hupungua. Kasta ndiyo inayofanya usukani urudi katikati wenyewe. Ikipungua, gari linazurura kwenye lami ya Namanga na linakuchosha. Kwenye Vigo marekebisho yako kwenye bolti za wishboni ya chini. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mwombe fundi atoe kasta kubwa iwezekanavyo ndani ya kiwango, sawa pande zote, na tou imalizwe mwisho.

Taa zitakuwa zinamulika machoni mwa wanaokuja. Kabla ya kazi, egesha mita tano kutoka ukutani na uweke alama ya ukomo wa mwanga. Baada ya kazi, rudisha mwanga kwa kuzingatia kimo kipya cha taa. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote na uhakikishe hozi za breki hazivutiki wala kugusa tairi. Ukiinua na nyuma pia, kumbuka vali ya breki za nyuma inayofuata mzigo: mkono wake lazima urekebishwe, la sivyo breki za nyuma zitapungua nguvu.

Land Cruiser pikapu

HZJ79 ina ekseli nzima mbele, koili, na mikono miwili mirefu inayoishika ekseli. Ilikuja mwaka 1999. Ile ya kabla yake, HZJ75, ina springi za majani hata mbele. Kwenye 79 kazi ni rahisi zaidi kwa sababu shokapu na springi zimetengana na huhitaji kibana mara nyingi. Unashusha ekseli kwa jeki na koili inatoka. Ila kuna mambo mawili. Ekseli ikishuka inazunguka kidogo na kasta inapungua, na dawa yake ni bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati. Pili, fimbo inayoizuia ekseli isiende kando inaivuta upande mmoja gari linapoinuka, hivyo ukizidi milimita 50 utahitaji fimbo ya kurekebishika. Bushi za plastiki ngumu zinazouzwa kwa gari hili hukaa muda mrefu, lakini hupitisha mtikisiko wote kwenye chesisi. Kwa barabara za mabati naendelea kupendelea mpira.

Majaribio

Anza na lami ya Kisongo: achia usukani kidogo ukiwa kwenye mwendo wa chini na njia iko wazi, uone kama gari linavuta. Kisha tafuta vumbi, kwa wa Arusha upande wa Monduli au Oldonyosambu, kwa wa Moshi njia za mashambani kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC. Punguza upepo wa matairi kwa karibu robo kabla ya mabati, punguza na mwendo, na ujaze tena ukirudi lami. Baada ya nusu saa simama, gusa shokapu kwa uangalifu na mgongo wa mkono. Zote zinapaswa kuwa na joto. Iliyo baridi kati ya zenye moto haifanyi kazi. Mlio wa "tok" kila gurudumu linaposhuka shimoni unamaanisha nati ya juu imelegea au umeinua kupita kiasi.

Ukifikisha kilomita 500 hivi, kaza upya kila bolti uliyoigusa. Springi mpya hushuka kidogo zikizoea mzigo, kwa hiyo pima urefu tena kwenye kilomita 1,000 na urudie alaimenti kama namba zimehama. Baada ya hapo, kila unaporudi kutoka safari ndefu ya vumbi, osha chini ya gari kwanza, halafu angalia mipira ya shafti, unyevu wa mafuta kwenye shokapu na pini za boljointi. Unyevu mwembamba unaoshika vumbi unaweza kusubiri. Tone linaloning'inia likirudi baada ya kufutwa, badilisha shokapu hiyo na ya upande wa pili kwa pamoja.